Mikono Juu ya Kichwa cha Mdogo Wangu

Siku ile tulikuwepo watu sita. Nilikuwepo mimi, mkubwa wa nyumba kwa sababu hapakuwa na mwengine. Alikuwepo ndugu yangu anayenifuata, miaka kumi na sita, amekaa juu ya sanduku la nguo kwa vile viti viwili tuliwaachia wageni. Alikuwepo ami yetu, ndugu wa baba, aliyetoka Tumbatu asubuhi, na mkewe, amevaa buibui lenye mikunjo ya dukani bado. Alikuwepo jirani yetu wa mlango wa mbele, muuza mikate ya ufuta, ingawa yeye hakualikwa na mtu. Na alikuwepo mdogo wetu wa kike, miaka saba, chini ya meza. Sote tulikuwa pale kwa ajili yake.

Ami alikuja kumchukua.

Sitaki mtu amuone ami yangu mbaya. Baba alipofariki, mdogo wetu alikuwa hata kukaa hajajua, na ami ndiye aliyetuletea mchele na dagaa mpaka eda ya mama ikamalizika. Mwaka ule ndio nilioacha skuli, kidato cha pili, nikaenda kuchanganya chokaa kwa fundi anayetengeneza kuta za nyumba kongwe za Mji Mkongwe. Miaka minne baadaye mama naye akaondoka, kwa maradhi ya wiki tatu tu. Nikabaki na ndugu wawili, mmoja anayejua kufunga viatu na mmoja asiyejua. Ami alitaka kutuchukua sote wakati ule. Nilikataa, kwa sababu mama alikuwa ameniambia neno moja, kwa sauti ya mtu asiyetaka kujibiwa: "Usiwatawanye."

Kwa miaka mitatu sikuwatawanya. Lakini sitasema kwamba mambo yalikuwa mazuri.

Mdogo wetu alikuwa mtoto wa kucheka na wa kuuliza maswali, kisha ghafla anakuwa mtoto mwengine. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka na akaendelea kupiga bila sauti. Aling'ata, alikwaruza, alirusha kilichokuwa karibu. Mara nyengine aligonga kisogo chake ukutani, na mimi nikaweka kiganja changu kati ya kichwa na ukuta, nikangojea. Tulikuwa tukikaa vyumba viwili vya juu, Mkunazini, na ngazi ile ile ilipitiwa na nyumba nyengine nne. Hakuna aliyelala mchana kwa raha. Chuoni, kwenye Kurani, walimrudisha mara mbili. Skulini waliniita nikiwa juu ya majukwaa ya kazi, nikateremka na chokaa miguuni, nikapita Darajani watu wakinitazama kama mtu aliyetoka kaburini. Fundi wangu hakunikata ujira wa siku hata moja. Aliniambia tu, "Nenda, ukuta haukimbii." Namshukuru mpaka leo.

Nilimpeleka hospitali. Daktari alimtazama masikio na macho, akampima huku na huku, akasema mtoto mzima. Watu wa ngazini walisema ana mtu kichwani, jini, nikampeleka akaandikiwa kombe, aya kwa wino wa zafarani zikaoshwa kwa maji anywe. Alilinywa lote, akaomba jengine. Alipenda harufu yake. Kesho yake alimng'ata mwalimu.

Habari zilifika Tumbatu. Ndipo Ijumaa ile, baada ya sala ya alasiri, ami na mkewe wakaja na furushi la nguo za mtoto wa kike, zimekunjwa vizuri ndani ya kanga. Nilipoliona lile furushi nilijua kwamba shauri limeshakatwa kule, na hapa wamekuja kunijulisha tu.

Ami alivua viatu, akaingia. Mdogo wetu alikuwa amesimama karibu na meza, na gauni lake la Ijumaa, nywele zikiwa zimefungwa kwa kitambaa kwa sababu alikuwa hataki kuchanwa. Alikuwa ametulia. Nilikuwa nimemuomba atulie, na alikuwa anajitahidi, nilimuona anavyokaza vidole vya miguu. Uso wa ami ukalainika. Akaenda moja kwa moja mpaka kwake, akaweka mkono juu ya kichwa chake.

"Yatima wetu," alisema. "Masikini, yatima wetu."

Mtoto akamng'ata chini ya kidole gumba. Ami alipovuta mkono damu ilikuwa imeshatoka. Mtoto akashika kilichokuwa juu ya meza, akakirusha ukutani, kisha akaingia chini ya meza na kelele zikaanza.

Kilichokuwa juu ya meza kilikuwa bakuli la jirani. Bakuli la kaure, jeupe, na maua ya buluu ukingoni, moja katika mabakuli sita aliyopewa na mama yake alipoolewa. Mchana ule alituletea mchuzi wa pweza ndani yake. Mimi nililikosha, nikaliweka pale lisubiri cha kulirudishia, kwa sababu kwetu chombo cha mtu hukirudishi kitupu. Nilikuwa nafikiria ndizi. Sasa lilikuwa vipande, na kimoja kilizunguka sakafuni muda mrefu kabla ya kutulia.

Ami alifunga mkono kwa kitambaa cha mfukoni. Alikuwa na huzuni zaidi kuliko hasira, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha.

"Mwanangu," aliniambia, "umejitahidi. Hakuna anayesema hukujitahidi. Lakini huyu ni mtoto wa kike, na nyinyi ni wanaume wawili, nyote mnatoka asubuhi. Kule kwetu kuna huyu mkaza ami wenu, kuna shangazi zake, kuna bibi. Watu kumi na nne nyumba moja. Hatakosa wa kumtazama."

"Nguo zake nshamtayarishia," mkewe aliongeza, taratibu, akiligusa furushi. "Hata ushungi wa skuli nimemshonea."

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, mikono imepasuka kwa chokaa, na kule chini ya meza mtoto alikuwa ananijibia badala yangu, kwa kelele ambazo zilikuwa ushahidi wao.

Ndipo jirani akaingia, unga mpaka viwiko.

"Hodi sipigi, mlango uko wazi," alisema. "Nani leo?"

"Ami," ndugu yangu alijibu kutoka kwenye sanduku.

"Kamng'ata?"

"Kamng'ata."

"Wapi?"

Ami akainua mkono wake, kama mwanafunzi anayeonesha daftari. Jirani akautazama, akatikisa kichwa. Kisha akaona vipande sakafuni.

"Na bakuli langu," alisema.

"Bi, nitakutafutia jengine," nilianza.

"We nyamaza kwanza." Akakaa kizingitini, mikono ameiweka juu ya magoti ili unga usimwagike. Lazima niseme kwamba mwanamke huyu hakuwa rafiki yetu sana. Yeye ndiye aliyekuwa akigonga ukuta kwa mwiko kelele zikizidi. Yeye ndiye aliyeniambia, mbele ya watu wa ngazini, kwamba nimuuze mtoto kwa wenye meli awe honi yao. Mchuzi alituletea, ndiyo, lakini alitukana akiwa analeta.

"Bwana," alimwambia ami, "mimi n'nakaa mlango ule pale. Kelele za huyu mtoto n'nazijua kuliko redio yangu. Hebu niambie, ulipoingia humu ulifanya nini?"

"Nilitoa salamu."

"Kisha?"

"Kisha nikampapasa kichwa. Si yatima huyu?"

"Haya. Juzi kaja mwalimu wake wa chuo, kampapasa, karushiwa kiatu. Mama wa ghorofa ya juu kampapasa, kakwaruzwa. Muuza maziwa kampapasa, kamwagiwa maziwa yake mwenyewe. Ngazi nzima hii wanapita wanampapasa, kama vile wanagusa mlango wa msikiti. Mimi sijamgusa kichwa tangu nimjue. Si kwa wema, mikono yangu ina unga. Na mimi hajanirushia hata kokwa ya tende."

"Na unamtukana kila siku," ndugu yangu alisema.

"Namtukana, simshiki."

Mke wa ami alicheka, akaziba mdomo kwa ukingo wa buibui. Ami hakucheka. Aliutazama mkono wake uliofungwa. Kwa mtu kama yeye lile halikuwa jambo dogo. Sote tumekuzwa tukijua kwamba kupitisha mkono kwa upole juu ya kichwa cha yatima ni ibada, na kila unywele una ujira wake. Mtu aliyepita karibu na yatima bila kumpapasa alijiona mgumu wa moyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiri kwamba wema ule ndio ulikuwa unamchoma.

"Sasa unataka niache thawabu?" ami aliuliza. Aliuliza kwa dhati.

"Thawabu zako," jirani alisema. "Kichwa chake."

Hapo ndipo tukagundua kwamba chini ya meza pamenyamaza. Sijui pamenyamaza tangu lini. Ndugu yangu akainama kutazama. Mtoto alikuwa amekumbatia magoti.

"Wananishika kama siku ile," alisema.

"Siku ipi?" nilimuuliza.

"Siku ya mama."

Nilikaa chini. Siku ya mama, nyumba ilijaa wanawake, na mimi sikujua nimuweke wapi mtoto wa miaka minne. Nikamkalisha juu ya kiti kidogo karibu na mlango wa chumba alimolazwa mama, ili kila anayeingia amuone, amuonee huruma. Na kila aliyeingia aliweka mkono juu ya kichwa chake, akalia. Mkono baada ya mkono, tangu asubuhi mpaka maiti ikatoka. Mimi ndiye niliyemkalisha pale. Nilidhani namfanyia wema.

Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu ya yote. Wapo watoto waliopita msiba kama ule wasing'ate mtu, na yeye alikuwa mkali hata kabla, mama mwenyewe alisema alizaliwa amekunja ngumi. Lakini siku ile nilipata kitu kimoja cha kushika, na kwa miaka mitatu sikuwa na hata kimoja.

Tulikuwa mwanzoni mwa Rajabu. Mwisho ami akasema, "Mpaka Mfunguo Mosi, Ramadhani ikiisha. Siku ya sikukuu nitakuja. Nikimkuta kama leo, ataondoka na mimi, na wewe hutanizuia."

"Sitakuzuia, ami," nilisema.

Mkewe alisimama, akalisukuma furushi la nguo mpaka karibu na meza. "Ziacheni hapa," alisema. "Atazivaa popote atakapokuwa." Sijasahau maneno yale.

Kazi ya miezi ile mitatu ilianza na mimi mwenyewe. Nilikuwa na tabia ambayo hata jirani hakuijua. Kila asubuhi, kabla ya kutoka kwenda kazini, nilikuwa nikiinama juu ya mdogo wangu akiwa amelala nikampapasa kichwa, kwa mkono ule wa chokaa, mgumu kama jiwe la kusugulia miguu. Nilifikiri nampa baraka ya siku. Na kila asubuhi ndugu yangu ndiye aliyebaki na kelele, akashangaa kwa nini mtoto anaamka vile. Nilipomweleza, alinitazama sana.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Miaka mitatu nachelewa skuli kwa ajili yako."

Niliacha. Nikawa nasimama mlangoni nasema, "Nnakwenda kazini," basi. Wiki ya kwanza aliendelea kuamka kwa ukali. Wiki ya pili, siku moja, alijibu, "Naam," macho yakiwa yamefumba. Nilikwenda kazini nikapiga chokaa ukuta mzima bila kupumzika, mpaka fundi akaniuliza kama nimeposa.

Watu wa ngazini walikuwa shida zaidi. Ndugu yangu aliandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi, akakibandika mlangoni: TAFADHALI MTOTO ASISHIKWE KICHWA. Walicheka mpaka wa mtaa wa pili wakaja kusoma. "Mmefuga simba?" waliuliza. Mama wa ghorofa ya juu alisema kichwa gani hicho kisichoshikika, cha malikia? Jirani yetu alikuwa akimjibu kutoka jikoni kwake, bila kutoka nje, kwamba cha malikia au cha nani, pita na mikono yako. Wengine walikasirika kweli. Mzee mmoja aliniambia namnyima mtoto baraka za watu. Nilimwambia amuombee dua kwa mbali, inafika. Alifikiri, akakubali. Aliomba amesimama hatua tatu, mikono ameinua, na mdogo wangu akasema "Amin" kama mtu mzima.

Chuoni mwalimu alielewa upesi kuliko nilivyotegemea. Skulini tatizo lilikuwa ushungi. Wasichana wakifika langoni na ushungi umekaa upande, mwalimu wa zamu huwanyooshea, na kila mnyoosho wa asubuhi kwake ulikuwa vita. Nilikwenda, nimeoga na kuvaa kanzu, nikaomba aachiwe anyooshe mwenyewe. Mwalimu alinisikiliza, akafungua mkoba wake, akatoa kioo kidogo. Tangu siku hiyo alimshikia kioo badala ya kumshika kichwa. Mwalimu huyo alihamishwa baadaye, nasikia yuko skuli ya Amani. Bado sijapata kumwambia alichotufanyia.

Kisha nywele. Zilikuwa zimefungana kama usumba wa nazi, kwa sababu kila aliyejaribu kuzichana alikimbizwa. Jirani alisema lazima zichanwe kabla ya Ramadhani, la sivyo zitanyolewa, na lazima nizichane mimi.

"Kwa nini mimi?" niliuliza. "Bi, wewe mwanamke."

"Mimi n'na mikate. Na mimi si nduguye."

Alinifundisha kwa maneno tu, yeye akiwa anageuza mikate yake juu ya makaa. Alinitafutia ukindu, ule wa kusukia mikeka, nikajifunza kusuka kwanza kwenye ukindu, jioni baada ya kazi, nimekaa kizingitini kwake, huku watu wanapita na kuniuliza kama nimeacha ufundi. Alinipa mafuta ya nazi nilainishe mikono. Na akanipa sharti: usiguse bila kusema. Sema, nashika hapa. Ngoja. Akikubali, shika. Akikataa, weka chanuo chini, kaa.

Siku ya kwanza nilisema, "Nashika hapa," nyuma ya sikio. Alikataa. Nikaweka chanuo chini. Tukakaa. Baada ya muda akauliza, "Hushiki?" Nikamwambia hajaniruhusu. Alionekana kushangaa, kama mtu aliyesukuma mlango akaukuta haukufungwa. "Shika kidogo," alisema. Nikashika kidogo. Kichwa kile kilituchukua siku tisa. Mistari niliyosuka ilikuwa imepinda kama njia za Mji Mkongwe, na ndugu yangu alisema anayeitazama atapotea. Lakini ilikuwa mistari.

Alirusha vitu bado, tena sana. Ramadhani ile alivunja glasi mbili, na siku moja alipiga kelele tangu baada ya adhuhuri mpaka karibu na kufuturu, kwa sababu tambi zilikuwa na zabibu. Nilichojifunza kwa jirani ni kukaa. Yeye kelele zikianza alikuja na beseni lake la unga, akakaa kizingitini kwetu akakanda, bila kusema chochote, bila hata kutukana. Hakuja na dawa wala nasaha. Alikuja na kazi yake. Mtoto akimaliza, jirani alikuwa akisema, "Umemaliza? Haya, niletee maji." Na mtoto alileta maji.

Sikukuu ikafika. Kama kuna siku mbaya kwa kichwa cha yatima ni siku ya sikukuu. Kila nyumba utakayoingia, kila mtu mwenye moyo mzuri ananyoosha mkono. Asubuhi nilimwambia, "Leo watasahau. Wakisahau, rudi nyuma, njoo kwangu." Alivaa gauni katika zile nguo za furushi, la rangi ya embe, na viatu vipya nilivyomnunulia mimi bila kumpima, kwa kutaka kumshtukiza.

Ami na mkewe walifika saa nne. Ami aliingia na kanzu yake mpya, akamuona mtoto, na nikaona mkono wake unainuka wenyewe, kwa mazoea ya miaka hamsini. Ndugu yangu aliinuka kutoka kwenye lile sanduku. Mkono ulifika nusu ya njia ukasita, ukabaki hewani, kama umesahau ulikokuwa ukienda. Kisha ami akaushusha, akaunyoosha mbele.

"Nikupe mkono?" aliuliza.

Mtoto aliutazama ule mkono. Alama ya meno yake ilikuwepo bado, ndogo, nyeupe.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba."

Akaushika, akaubusu kama tulivyofunzwa, kisha akaugeuza kutazama alama. "Panauma?"

"Pakiingia ndimu tu," ami alisema.

Ningependa kumalizia hapo, lakini haikuwa hivyo. Saa moja baadaye viatu vilimbana. Alivua kimoja, chengine kikakwama, na kabla sijafika kiatu kilikuwa kimepita karibu na sikio la ami, na yeye mtoto yuko sakafuni, gauni la rangi ya embe limepanda magotini, kelele zimejaa ngazi nzima siku ya sikukuu. Nilihisi miezi mitatu yote imemwagika. Nilimtazama ami, nikaona naye ananitazama mimi, siyo mtoto.

Sikuwa na la kufanya ila lile nililojua. Nilikaa sakafuni, mbali kidogo naye, na kanzu yangu mpya. Sikusema kitu. Jirani akaja, kwa mara ya kwanza bila unga, kajifukiza udi na kujipaka hina, akakaa kizingitini. Kwa kukosa cha kukanda alichukua sahani ya tambi akawa anakula, polepole. Mke wa ami naye akateremka kwenye kiti, akakaa mkekani. Sijui ilikuwa muda gani. Kelele zikapanda, zikashuka, zikawa kilio tu, kisha kwikwi.

"Kile kiatu," mdogo wangu alisema mwisho.

"Kidogo kwako," nilisema. "Kosa langu, sikukupima. Nishike mguu, nikivue?"

"Shika."

Nikakivua. Jirani akasema, "Umemaliza? Haya, niletee maji." Akaenda, peku, akaleta maji.

Ami alikaa amejiinamia. Aliponyanyua uso alisema, kwa mkewe zaidi kuliko kwangu, "Kule kwetu tuko wengi mno. Watu kumi na nne, na kila mmoja atataka thawabu zake." Kisha akaniambia, "Mwache hapa. Mimi nitakuwa nakuja kujifunza."

Na kweli alikuwa akija. Kila sikukuu mpaka leo anakuja, na kabla ya kumsalimu anaweka mikono yake yote miwili nyuma, makusudi, ili amchekeshe.

Mdogo wangu sasa ana miaka kumi na tano. Anasuka nywele zake mwenyewe, na mistari yake imenyooka, anapenda kunikumbusha yangu ilivyokuwa. Hasira bado anazo. Zikimjia anaingia chumbani anafunga mlango, na sisi tunakaa nje ya mlango na kazi zetu. Ndugu yangu anafundisha, na anasema kwamba somo la kusubiri alilipata hapa na siyo chuo cha ualimu. Mwaka jana nilipata homa kali, nikalala siku nne. Siku ya tatu niliamka nikamkuta amesimama pembeni ya kitanda.

"Nikushike kichwa?" aliuliza.

Mimi kichwa changu hakikuwahi kushikwa. Baba alipofariki nilikuwa nimeshabaleghe, hesabu ya yatima ilikuwa imenipita. "Shika," nilimwambia.

Jirani aliondoka Mkunazini miguu ilipomkatalia kupanda ngazi. Anakaa Kiembe Samaki kwa bintiye, na bado anatukana. Ijumaa tunakwenda kumuona. Kila nikimtajia lile bakuli ananiambia ninyamaze. Najua yamebaki matano, nimeyahesabu kabatini kwa bintiye, yale maua ya buluu ukingoni.

Mwaka huu, nikipiga chokaa duka moja la vitu vya zamani, niliona bakuli kama lile juu ya rafu. Nilinawa mikono kabla ya kulishika. Maua ni yale yale. Nililinunua, nikaja nalo nyumbani, nikaliweka juu ya meza, pale pale lilipokuwa la kwanza. Mdogo wangu alilitazama, kisha akauliza kama Ijumaa tunampelekea.

Nilimwambia bado. Limekaa pale miezi sasa, kila Ijumaa tunatoka na tunaliacha. Nimefikiria ndizi, nimefikiria pweza, halua, tambi zisizo na zabibu. Chombo cha mtu hukirudishi kitupu, na mimi sijajua nimtilie nini ndani yake.